Chini ya Uwanja wa Trhová Baňa

Trhová Baňa,
6 Machi 1983

Mwanangu Radovan,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Želmíra na mjukuu wangu Hanka, ambaye naambiwa siku hizi ana meno ya kutosha kumng'ata mwalimu wa chekechea. Mimi sijambo isipokuwa magoti, na magoti yangu si habari mpya. Theluji inayeyuka, uwanja wa soko umekuwa uji. Tulichinja nguruwe mwezi uliopita. Fungu lenu la soseji nimelitundika kwenye moshi, na mkichelewa kulichukua Gejza atalimaliza. Huyo mzee hajabadilika. Tangu astaafu mgodini kazi yake ni kukaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake, ukuta kwa ukuta na mimi, akiwakosoa wapita njia. Anasema nikuambie kwamba ile kofia ya kwenye picha ya Krismasi inakufanya uonekane kama uyoga.

Sasa lipo jambo. Jikoni, upande wa dirisha linalotazama uwanjani, pametokea ufa. Januari ulikuwa mwembamba kama unywele. Leo naingiza ukucha. Mlango wa jikoni, ambao marehemu mume wangu aliutengeneza kwa mikono yake na haujagoma hata siku moja kwa miaka arobaini, sasa haufungi. Halafu Jumatano, nikiwa nakanda unga, ukajifunga wenyewe, puu, bila upepo.

Na kuna mlio. Unatoka chini. Kitu kinagonga mara mbili tatu, kinanyamaza, kisha nasikia kama mtu anamimina ngano kutoka gunia moja hadi jingine. Ni mchana kweupe, Rado, wala mimi si mtu wa kuota. Nilimwita Gejza asikilize. Akaweka sikio sakafuni, matako juu, nikacheka.

"Cheka tu," akasema. "Ni vile vijitu vya mgodini vinavyowaonya wachimbaji, vinatugongea."

Naye akacheka. Lakini alipoinuka nikaona amevua kofia.

Wewe ndiye uliyekuja miaka mitano iliyopita na vile vyombo vya miguu mitatu, ukapima uwanja mzima, ukala sahani tatu za madonge yangu ya viazi na jibini la kondoo. Karatasi yako iko ofisi ya kamati ya mji: mgodi wa zamani umejazwa, hakuna hatari. Basi kinachogonga ni nini? Njoo siku moja uangalie, hata Jumapili. Nitapika.

Shangazi yako,
Vilma


Bratislava,
5 Aprili 1983

Shangazi, shikamoo.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Hanka aliugua koo, kisha ikaja Pasaka, kisha nikatumwa kazini Žilina siku nne. Sasa amepona. Želmíra anakusalimu, anasema usibebe ndoo mbili kwa pamoja.

Kuhusu ufa: nyumba za zamani hupasuka, hasa barafu inapoyeyuka ardhini. Ni jambo la kawaida. Mwite fundi apake lipu. Kuhusu mlio, bila shaka ni maji yanayopita kwenye mifereji. Gejza amekaa gizani miaka mingi mno, usimsikilize sana.

Kuja sitaweza kabla ya kiangazi, kazi zimebanana.

Jambo moja dogo. Kama kitanda chako kingali jikoni karibu na jiko, ingefaa ukihamishie chumba cha nyuma, upande wa bustani. Ni kwa sababu ya baridi tu. Na usiwe unashuka mara kwa mara kwenye stoo ya chini.

Wako,
Radovan


Trhová Baňa,
24 Aprili 1983

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa koo la mtoto. Mpeni asali, msimpe zile dawa za rangi ya waridi.

Miplamu imechanua yote. Natembea nje bila koti. Baridi gani hiyo, Rado, inayonifanya nihame jikoni mwangu mwezi wa Aprili?

Nimehama. Sikukuuliza, nilihamisha kitanda siku ileile niliyoisoma barua yako. Gejza alinisaidia kusukuma, akaniuliza sababu, nikamwambia ni baridi. Akanitazama, hakusema kitu. Gejza kutosema kitu, hilo peke yake lilinitia hofu.

Jumatatu ya Pasaka alikuja kunimwagia maji kama desturi. Miaka sabini na minne anayo, bado anajiona kijana wa kukimbiza wasichana. Akanimwagia jagi zima, nikapiga kelele inavyotakiwa, tukacheka. Kisha tukaitazama sakafu wote wawili, maana maji yale hayakutuama. Yalikimbia sakafuni kama yameitwa, yakaingia yote kwenye kona ya dirisha, yakapotea. Hatukuona yalikokwenda.

Gejza akarudi na kipande cha kioo chembamba, akakigandisha kwa jasi juu ya ufa, upande huu na upande huu. Ndivyo walivyofanya mgodini. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukisogea kinavunjika. Kilivunjika siku ya tisa, nikiwa mezani nakunywa supu. Nilisikia tiki. Halafu nikaona supu inatetemeka kwenye bakuli, miviringo midogo midogo, na nje hakuna lori lililopita. Niliweka kijiko chini nikakaa na mikono mapajani. Sikuweza kusimama, mwanangu. Niliogopa uzito wangu mwenyewe.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mji, ndugu Šimko. Alinipokea amesimama.

"Ndugu Hudáková, nyumba yako ina umri gani?"

"Imekipita Chama," nikamwambia.

Hakucheka. Akafungua kabati, akatoa karatasi yako, akaigonga kwa kidole. "Unaijua saini hii?"

"Naijua. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika."

"Basi nenda nyumbani ukajivunie."

Nikarudi nyumbani nikijivunia. Ila njia nzima nilipita ukingoni mwa uwanja, karibu na kuta. Sikukatiza katikati.

Nijibu upesi.

Vilma


Trhová Baňa,
12 Juni 1983

Radovan,

Nasalimu nyumba nzima. Wiki saba sasa. Nimemuuliza mama wa posta kama barua zinapotea, akasema za kwenda hazipotei.

Pampu ya katikati ya uwanja imekauka. Ukiinua mkono wake inapumua tu, na hewa inayotoka ni ya baridi, ina harufu ya pango. Wamama wanachota mtoni.

Wamebandika matangazo. Jumamosi ya tarehe 17 Septemba ni gulio kubwa, miaka mia sita tangu mji upewe haki ya soko. Vijiji kumi na kimoja vinakuja. Matrekta ya maonyesho, malori, bembea ya kuzunguka, jukwaa la bendi ya matarumbeta, vyote uwanjani. Gejza alisoma tangazo mara mbili, akatema mate.

Nilikulea tangu mama yako alipofariki, ukiwa na miaka sita. Najua unavyonyamaza ukiwa huna la kusema, na najua unavyonyamaza ukiwa umevunja kitu. Usinijibu habari za lipu. Nijibu hili moja: siku ile ulipopima, ulishuka chini?

Vilma


Bratislava,
30 Juni 1983

Shangazi, shikamoo.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la bia, siiamini posta. Ukishaisoma, ichome.

Sisi wazima. Hanka ameng'oka jino la mbele. Želmíra hajui ninachokuandikia.

Nilishuka. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo pekee linalonitetea. Nilishuka ngazi ya kwanza. Ya pili ilikuwa imeoza, ilikatika nilipoikanyaga, nikabaki nimening'inia kwa mikono. Nilipopata pa kusimama nikatupa jiwe ili nijue kina. Nikahesabu. Sikulisikia likianguka, shangazi. Nikatupa la pili. Nalo sikulisikia.

Tulikuwa na ramani ya zamani, ya enzi za wafalme. Inaonyesha kwamba madini yalichimbwa hadi chini ya uwanja kabisa, si vijia tu, ni pango. Na tulikuwa na karatasi ya baada ya vita isemayo "umejazwa". Mkuu wangu akaziweka mbele yangu zote mbili. Akasema wenzetu waliotutangulia si wapumbavu, na karatasi inatakiwa Ijumaa. Hanka alikuwa na miezi minane, tulikuwa tunaishi watu watano chumba kimoja kwa wakwe zangu. Nikaandika "umejazwa". Jumatatu iliyofuata tukapewa funguo za nyumba hii tunayokaa.

Nimekuwa nikijiambia labda kweli wamejaza, labda mawe yangu yaliangukia matope. Tangu barua yako ya Machi siwezi tena kujiambia hivyo. Kila simu ikilia ofisini nadhani ni ya kutoka kwenu.

Nikisema, nimeghushi hati ya serikali. Ni jela, shangazi. Hanka ataitwa mtoto wa mfungwa.

Njoo ukae kwetu. Chumba cha Hanka kinatosha watu wawili. Njoo kabla ya Septemba, tafadhali, na usimwambie mtu sababu.

R.


Trhová Baňa,
9 Julai 1983

Radovan,

Nambusu Hanka kwenye pengo la jino. Namsalimu Želmíra. Shikamoo yako nimeiona.

Unasema nisimwambie mtu. Mtu gani? Gejza, ambaye analala ukuta kwa ukuta na mimi? Mama wa posta, anayeukatiza uwanja mara mbili kwa siku na baiskeli? Watoto wa chekechea wanavuka hapa kila asubuhi wameshika kamba moja, wadogo mbele, wakiimba. Umri wa Hanka. Nimeanza kusimama mlangoni na ufagio, nawafukuzia ukingoni kama mabata. Mwalimu wao ameshaniuliza kwa upole kama nina watu wa kunitunza.

Nilikwenda tena kwa Šimko. Nikamwomba gulio lihamie malishoni kando ya mto. Nikasema naogopa tu, mimi mwanamke mzee. Akaniambia, "Bibi, uoga ni ugonjwa. Wenye ugonjwa huo tuna mahali pa kuwapeleka." Mdomo wake ulitabasamu, lakini nilipotoka niliona anauandika ujio wangu kwenye daftari.

Barua yako sikuichoma. Wala sikumwonyesha mtu. Iko ndani ya nguo yangu, inaniwasha ngozi. Sitakwenda kuyasema haya kwa mdomo wangu, maana hayakutoka kwangu, yana mwenyewe. Na sihami. Siku nitakayohama nikawaacha wenzangu wamelala juu ya shimo ninalolijua, sitaweza kuomba dua tena nikasikilizwa.

Mlio sasa uko kila siku, saa za asubuhi. Naosha vyombo huku nimeushikilia ukingo wa beseni.

Una wiki kumi.

Vilma


Bratislava,
21 Agosti 1983

Shangazi, shikamoo.

Hatujambo. Nimemwambia Želmíra. Alikwenda kumfunika Hanka ambaye tayari alikuwa amefunikwa, akakaa naye huko muda mrefu. Alipotoka akaniuliza, "Basi la kwenda kwa shangazi linaondoka saa ngapi?"

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Nikamwomba anipe kibali cha kupima upya. Akainuka, akafunga dirisha, joto lote lile la Agosti. Akaniuliza Hanka anaanza shule lini. Nikasema Septemba. Akasema, "Umri mzuri. Umri ambao mtoto anamhitaji baba nyumbani." Akafungua dirisha tena, akaanza kuzungumzia mpira.

Barua ya kwenda kwa kamati yenu nimeiandika mara nne, na mara nne nimeichana. Naona aibu kukuandikia hivyo. Mimi si shujaa, unanijua. Nilikuwa naogopa hata bata dume wa Gejza.

Nitafika Alhamisi tarehe 15 Septemba. Mwambie Gejza atafute kamba nzuri, mita themanini, na taa mbili. Asimweleze mtu.

Radovan


Trhová Baňa,
19 Septemba 1983

Radovan mwanangu,

Naandika kwa anwani ya nyumbani kwako ingawa sijui uko wapi. Tangu Ijumaa saa kumi, polisi walipokuingiza kwenye gari, hakuna anayeniambia kitu. Rado akiwa hajarudi, Želmíra, fungua wewe usome. Kwa hiyo naeleza yote tangu mwanzo, hata yale ambayo Rado anayajua.

Ijumaa asubuhi walikwenda kwenye mdomo wa mgodi nyuma ya ghala la chumvi, Rado na Gejza. Mimi nilibeba chai. Rado alijifunga kamba kiunoni. Alikuwa mweupe kama jibini. Gejza akamgonga bega, akampa salamu ya wachimbaji, "Mungu akufanikishe!" Akashuka. Gejza aliishika kamba kwa muda wa saa mbili, ameizungusha kwenye mti, na kila ilipolegea aliacha kupumua, nami niliacha.

Alitoka, akaifungua kamba kiunoni. Alikunywa glasi tatu za pombe ya plamu akiwa amesimama. Nilimuuliza ameona nini, akatikisa kichwa. Akanawa uso, akavaa tai, akaenda ofisi ya kamati. Mimi nilikuwa nyuma yake mlangoni, nilisikia.

"Ndugu mwenyekiti, ile karatasi ya mwaka sabini na nane ni ya uongo. Niliiandika mimi. Chini ya uwanja ni tupu."

Šimko akamwambia, "Umelewa."

"Nimelewa. Na chini ya uwanja ni tupu."

"Unajua unachojifanyia, kijana?"

"Najua. Nimekuwa nikikiogopa miaka mitano."

Šimko akanyanyua simu. Rado hakungoja. Alichukua ndoo ya rangi nyekundu kwa mafundi waliokuwa wanapamba jukwaa, akapaka mstari kuuzunguka uwanja wote, pampu na jukwaa ndani yake, na kila upande akaandika kwa herufi kubwa: USIINGIE, PANABOMOKA. Watu walitoka madirishani. Wengine walicheka. Alikuwa amefika upande wa kanisa, amepiga magoti, tai imeingia kwenye rangi, gari lilipokuja.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa sikiliza ya Jumamosi, ambayo Rado hayajui.

Saa kumi na mbili asubuhi malori ya kwanza yaliingia. Yalikuwa matatu, ya bembea. Mwenye bembea ni mama mmoja anaitwa Margita, mnene, ana sauti ya kubomoa mlango. Mafundi walikuwa wameamriwa kuufuta mstari, lakini rangi ilikuwa imeanza kukauka, walikuwa wameutawanya tu, uwanja mzima ukaonekana kama pamechinjwa. Margita akashuka.

"Nani kapaka uchafu huu?"

Nilisogea, Rado. "Mtoto wa kaka yangu. Yeye ndiye aliyetia saini kwamba pako salama. Jana alishuka, akatoka, akasema alidanganya. Wamemchukua."

Akanitazama. "Alijua watamchukua?"

"Alijua."

Akajikuna shingo. "Nimezunguka magulio miaka thelathini, mama. Waongo nimewaona wa kila aina. Wanaodanganya wasifungwe ni wengi. Anayedanganya ili afungwe sijamwona." Akawageukia madereva wake, akapiga mluzi. "Geuzeni! Malishoni!"

Basi bembea ikaenda malishoni, na bembea ikienda watoto wanakwenda, na watoto wakienda wauza maandazi wanakwenda. Kufikia saa tatu gulio lote lilikuwa kando ya mto, na Šimko amebaki uwanjani na jukwaa lake na bendi. Akaanza hotuba. Wapiga matarumbeta walikuwa wanatazama miguu yao. Yule wa tarumbeta kubwa kuliko yote akashuka kwanza, polepole, akinyata kama mwizi na mdude wake mgongoni. Wakamfuata wote. Šimko alimaliza hotuba akiwahutubia njiwa.

Na hapakubomoka kitu. Nakuambia ukweli. Jumapili watu walikatiza uwanja makusudi mbele ya dirisha langu, wakirukaruka. "Bibi Hudáková, vijitu vyako vimelala?" Mlio wenyewe umenyamaza tangu Ijumaa. Usiku naogopa kwamba tulikosea. Asubuhi naogopa kwamba hatukukosea. Sijui ni hofu ipi niiombee.

Nijulisheni yu hai.

Vilma


Bratislava,
2 Oktoba 1983

Shangazi, shikamoo.

Niko nyumbani. Waliniachia siku ya tano. Uso umepona. Nimesimamishwa kazi, mashtaka bado yanaandikwa. Hanka ameanza shule na anajua kuandika jina lake, ila herufi moja anaigeuza.

Barua yako ilifika jana, Želmíra akanisomea kwa sauti. Alipofika kwenye hotuba ya njiwa alicheka hadi akalia. Ni mara ya kwanza nyumba hii kucheka tangu Agosti.

Sasa nikuambie nilichokataa kukuambia siku ile, kwa kuwa Gejza alikuwepo na sikutaka muione hofu yangu. Pango lile, taa yangu haikufika upande wa pili. Nguzo za mti zilizobaki ukizishika zinabonyea kama mkate. Nilitembea kwa kufuata ukuta, nikipima hatua, hadi nikajua niko chini ya safu ya nyumba zenu. Nikainua taa. Niliona mizizi ya mti wa mlangoni kwako inaning'inia hewani. Na niliona mawe ya sakafu ya stoo yako, shangazi, kwa upande wa chini. Niliona pipa lako la kabichi. Pipa limeinama na kuziba tundu ambalo ningeweza kupitisha kichwa.

Mlio kunyamaza si habari njema. Ulikuwa ni mchanga unaomiminika. Umenyamaza kwa sababu hakuna tena mchanga wa kumiminika.

Ukiisoma barua hii, vaa koti. Usikusanye vyombo. Mchukue Gejza kwa nguvu ikibidi. Toka leo.

Radovan


Trhová Baňa,
3 Novemba 1983

Mwanangu Radovan,

Marahaba. Nakuandikia kutoka shuleni, ambako tumelazwa darasani watu kumi na wanane. Ninalala chini ya picha ya mfumo wa meno. Jana ilikuwa siku ya wafu, nilipeleka mishumaa kaburini kwa mama yako na kwa mume wangu. Makaburi yako upande wa mlima, ni salama.

Barua yako ilifika tarehe 6 Oktoba. Niliisoma nimesimama, nikavaa koti, nikatoka. Gejza aligoma. "Nimetoka hai mgodini mara elfu kumi," akasema, "sitakufa kitandani kwangu." Nikamsomea ile habari ya kabichi. Akachukua kofia.

Nikapita nyumba zote za safu yetu na barua zako mkononi, ile ya Juni na hii ya Oktoba. Nilisoma mlango kwa mlango. Wengine walihama. Wengine walihama baada ya kuona Gejza amehama.

Ilikuwa Jumanne tarehe 11, saa nne na nusu asubuhi. Jua linawaka. Tulikuwa kwenye ngazi za shule tunamenya viazi. Hapakuwa na mlipuko, kama watu wanavyodhani. Palikuwa na pumzi. Ardhi ilivuta pumzi ndefu, njiwa wote wakaruka kwa pamoja, na pampu ikazama, wima, kama mtu anayeshuka ngazi. Kisha jukwaa. Kisha sehemu yote ya katikati ya uwanja. Kisha nyumba yangu ikainama mbele, taratibu, ikaonyesha jikoni kote, jiko, saa ya ukutani, aproni yangu kwenye msumari, ikaenda. Vumbi likatufunika.

Nikageuka kumwambia Gejza. Hakuwepo.

Alikuwa amerudi kulisha sungura wake. Kila asubuhi alikuwa anarudi kwa siri, mpumbavu yule. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Dakika ishirini, Rado. Mama wa posta alinishika kiuno nisikimbilie shimoni. Dakika ishirini nilikuwa naongea na Mungu kwa maneno ambayo sitayarudia. Halafu kwenye vumbi, upande wa bustani, akatokea mtu mweupe pe kama aliyepakwa unga, anachechemea, ameshika sungura kwa masikio, anatukana kwa Kihungaria. Nilimpiga kofi. Nikamkumbatia. Nikampiga tena.

Hakufa mtu. Hakufa hata mtu mmoja. Naandika mara mbili ili wewe usome mara mbili.

Šimko alitangaza kwamba ni mvua. Haijanyesha tangu Septemba. Wiki iliyopita wakaja watatu kutoka juu, na makoti mazuri, wakatuita mmoja mmoja. Niliogopa, sikufichi. Nilipoingia nilisahau hata tarehe yangu ya kuzaliwa. Wakaweka mbele yangu ile karatasi ya sabini na nane, wakaniuliza kama namjua aliyetia saini.

Nimelitaja jina lako, mwanangu. Nilifikiri usiku kucha nifanyeje, na sikuona njia ya kukuficha bila kukuondolea na lile jema. Nikasema aliyetia saini ni Radovan Kubaška, mtoto niliyemlea. Yule wa katikati akaandika. Akauliza, na nani aliyekuja kusema kwamba si kweli? Nikasema ni huyohuyo.

Kalamu yake ilisimama. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaandika yote mawili, moja chini ya jingine, nikahakikisha kwa macho yangu kabla sijatia saini.

Watakuita kabla ya Krismasi. Sijui watakuamulia nini, na nikisema siogopi nitakuwa muongo. Nitakuja nikae nyuma yako mahali popote patakapokuwa. Gejza anasema naye atakuja, ameshaazima suti. Mwambie Želmíra atutandikie sakafuni. Na uvae sweta nzito ndani ya koti, kwa sababu ofisi zile hawawashi moto, nawe ukitetemeka watadhani ni hofu.

Shangazi yako,
Vilma